Daluga moja, viwanja vitatu: Meno yanavyoamua mechi na magoti ya mastaa

RATIBA ya Ligi Kuu Bara ina mtihani ambao hauonekani kwenye msimamo. Wiki hii timu inaweza kuwa Kaitaba, Bukoba, inakimbizana juu ya nyasi bandia. Wiki ijayo iko Sokoine, Mbeya, kwenye nyasi za asili zilizolowa mvua. Ikitoka hapo inashuka Dar es Salaam kucheza Azam Complex, Chamazi, na huko inakutana na bandia tena.

Kocha atabadilisha mfumo. Atabadilisha kikosi. Anaweza hata kubadilisha kipa. Ila kwa wachezaji wengi kuna kitu kimoja ambacho hakibadiliki, nacho ni daluga walizovaa.

Ni zile zile za Bukoba, ndizo za Mbeya na ndizo za Chamazi. Hapo ndipo ishu ilipo, kwa sababu uwanja ukibadilika na kiatu kisibadilike, kuna kiungo cha mwili kitalazimika kufidia. Mara nyingi huwa ni goti au enka.

Mashabiki wameshaona tukio hili mara nyingi. Winga anageuka peke yake, hakuna aliyemgusa, ghafla yuko chini ameshika goti. Jukwaani zinaanza porojo za kulogwa na za umri mkubwa. Wachache sana wanaouliza alikuwa amevaa meno gani.

KUSHIKA NA KUACHIA

Meno ya daluga yana kazi mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kushika. Mchezaji anapokanyaga, meno yanatakiwa yazame ili apate pa kusukumia mwili wake.

Kazi ya pili ni kuachia. Anapogeuka, meno yanatakiwa yatoke chini kwa wakati, mguu ufuate mwili.

Kushika kukipungua, mchezaji anateleza. Kukizidi, mguu unabaki na mwili unaondoka, na kinachobaki katikati ni goti. Kano ya mbele ya goti, ile inayofahamika sana kwa jina la ACL, ndiyo inayolipa deni hilo. Ikikatika na mchezaji akafanyiwa upasuaji, mara nyingi anakaa nje miezi sita hadi tisa, wengine hata mwaka.

Jambo hili lilishachunguzwa zamani. Mwaka 1971, Joseph Torg na mwenzake Theodore Quedenfeld walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa vijana wa sekondari za Philadelphia, Marekani, waliokuwa wakicheza mpira wa Kimarekani. Waliovaa viatu vya meno saba marefu walilinganishwa na waliovaa viatu vya soka vyenye meno 14 mafupi.

Walioumia magoti walipungua kwa wale waliovaa meno mafupi na mengi, na hata majeraha yenyewe yalikuwa mepesi zaidi. Kilichobadilishwa kilikuwa ni soli ya kiatu.

HERUFI MBILI KWENYE BOKSI

Kwenye boksi la daluga mpya, na mara nyingine kwenye kiatu chenyewe, kuna herufi mbili ambazo wanunuzi wengi wanazipita kama hawajaziona. Ndizo zinazosema kiatu kimetengenezwa kwa ajili ya uwanja gani.

FG ni kwa ajili ya nyasi za asili ambazo ardhi yake imeshikana lakini sio ngumu kama barabara. Meno yake ni ya plastiki, ya urefu wa wastani. Hizi ndizo zimejaa madukani na ndizo mastaa wengi wanazotangaza.

SG ni za uwanja uliolowa na wenye tope. Meno yake ni machache, marefu, na mara nyingi ni ya chuma ya kufunga kwa kuzungusha. Yametengenezwa yazame kwenye udongo laini.

AG ni za nyasi bandia. Meno yake ni mengi na mafupi, mara nyingi ya duara, ili uzito wa mchezaji ugawanyike chini ya mguu mzima na meno yaachie haraka anapogeuka.

TF soli yake nzima imejaa vijino vidogo vya mpira. Zilitengenezwa kwa ajili ya bandia za zamani zenye nyasi fupi, lakini hata kwenye ardhi ngumu isiyo na nyasi zinafanya kazi vizuri.

Kuna na umbo la jino. La duara kwa kawaida linageuka kirahisi. Lile bapa, lenye umbo kama la kisu, linashika vizuri mchezaji anapochomoka mbele, lakini kwenye kugeuka linakuwa zito. Winga anayeishi kwa kukata ndani na kutoka nje anatakiwa alijue hilo kabla hajachagua rangi ya kiatu.

BERN 1954

Hadithi maarufu kuliko zote za meno ya daluga ni ya Julai 4, 1954, jijini Bern, Uswisi. Fainali ya Kombe la Dunia ilizikutanisha Ujerumani Magharibi na Hungary, timu ambayo ilikuwa imeshawafunga Wajerumani hao hao mabao 8-3 kwenye hatua ya makundi.

Mvua ikanyesha. Adi Dassler, mwanzilishi wa Adidas, alikuwa na timu ya Ujerumani, na daluga alizowatengenezea zilikuwa na meno ya kufungua na kufunga. Uwanja ulipolowa, Wajerumani wakafunga meno marefu zaidi.

Hungary iliongoza 2-0 ndani ya dakika nane. Ujerumani ikasawazisha, na Helmut Rahn akafunga la tatu zikiwa zimebaki dakika sita. Mechi ikaisha 3-2.

Ubingwa ule haukuletwa na meno peke yake, maana mtu wa kufunga lazima awepo. Lakini kuanzia siku ile hakuna timu kubwa iliyoliona suala la soli kuwa ni dogo.

Upande wa pili wa hadithi hiyo ni Moscow, Mei 21, 2008, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kati ya Manchester United na Chelsea. Uwanja wa Luzhniki ulikuwa wa nyasi bandia, lakini kwa ajili ya mechi hiyo zilitandikwa nyasi za asili za muda. Usiku ule mvua ilinyesha.

John Terry alipiga penalti ambayo ingeipa Chelsea kombe. Mguu wa kusimamia ukateleza, mpira ukagonga mwamba na kutoka nje. United ikabeba kombe kwa penalti 6-5. Mguu wa kupigia ulikuwa sawa, ila wa kusimamia ndio uliokosa pa kushika.

BANDIA NA MAMBO YAKE

Bandia za leo sio zile za miaka ya themanini. Wakati QPR ya England inaweka nyasi bandia Loftus Road mwaka 1981, mpira ulikuwa ukidunda kama uko sakafuni na mchezaji akiteleza anachubuka vibaya. Klabu hiyo iliziondoa mwaka 1988.

Za sasa zina nyuzi ndefu za plastiki, chini yake kuna mchanga na juu ya mchanga chembechembe za mpira. Chembe hizo ndizo zinazopokea kishindo cha mguu na ndizo meno yanamozama.

Tatizo ni kwamba nyuzi hizo hazikatiki. Kwenye nyasi za asili, mchezaji akigeuka kwa nguvu, kipande cha udongo kinang'oka na nyasi zake, mguu unakuwa huru. Kwenye bandia hakuna kinachong'oka. Jino refu la FG, hasa lile bapa, likishajikita kwenye nyuzi na chembe linaweza kung'ang'ania mguu wakati mwili umeshageuka.

Utafiti wa Jan Ekstrand wa Sweden na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006 baada ya kufuatilia klabu za Ulaya, ulikuta kwamba kwa jumla majeraha kwenye bandia za kisasa hayakuwa mengi kuliko kwenye nyasi za asili. Lakini kuteguka enka kulitokea zaidi kwenye bandia. Kwa hiyo habari ya kwamba bandia inaua wachezaji imetiwa chumvi, ila anayeingia huko bila kujiandaa anatafuta balaa.

Kuna na joto. Jua la saa nane mchana likipiga, uso wa nyasi bandia unaweza kupita nyuzi joto 60. Soli inapata moto, gundi inalegea, nyayo zinawaka. Ndiyo maana maji humwagwa kabla ya mechi, na ndiyo maana daluga iliyodumu misimu miwili kwenye nyasi za asili inaweza kufumuka mapema kwenye bandia.

Watengenezaji wanalijua hilo. Baadhi yao wanasema wazi kwamba mteja akitumia daluga ya FG kwenye nyasi bandia na ikavunjika meno, hawahusiki.

Mwaka 2014 wachezaji wakubwa wa soka la wanawake, Abby Wambach wa Marekani akiwa mstari wa mbele, walipeleka malalamiko rasmi nchini Canada kupinga Kombe la Dunia la 2015 kuchezwa kwenye nyasi bandia. Waliyaondoa mapema 2015 na fainali zikachezwa huko huko kwenye bandia. Kwa Kombe la Dunia la wanaume la 2026, FIFA ilitaka viwanja vyote 16 viwe na nyasi za asili, hata vile ambavyo kwa kawaida vina bandia.

MTUMBA WA ULAYA, MCHANGA WA BONGO

Hayo ni ya mastaa. Kijana wa Ligi Daraja la Kwanza au wa ndondo anaanzia sokoni Karume, Ilala, ambako daluga za mtumba zinaning'inia kwa kamba zake. Anaangalia jina la kampuni, anaangalia saizi, anapatana bei. Herufi mbili hazimo kwenye mazungumzo.

Nyingi za daluga hizo zimetoka Ulaya, na zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya tope la huko. Ndiyo maana kwenye marundo hukosi kukuta SG yenye meno sita ya chuma, tena kwa bei nzuri.

Ukimvalisha mchezaji daluga hiyo kwenye uwanja mkavu wa mchangani, meno hayazami. Anasimama juu ya ncha sita kama mtu aliyekanyaga kokoto. Uzito wote unarudi kwenye sehemu ndogo za unyayo. Kwanza miguu inawaka moto, baadaye yanakuja maumivu ya kisigino, na akiendelea kukaza anaweza kupata ufa kwenye mfupa wa mguu.

Mpinzani naye hayuko salama. Jino la chuma lililosagika upande mmoja linakuwa na makali. Ndiyo sababu waamuzi wanakagua viatu kabla ya mechi, kwa kuwa sheria namba nne ya soka inakataza mchezaji kuvaa kitu chochote cha hatari.

Mchanga nao ni msasa. Unakula meno ya plastiki kidogo kidogo, na hauyali sawa. Wengi wanaanza kumaliza meno ya nje ya kisigino. Likibaki nusu, mguu unakaa upande, na enka inacheza dakika 90 ikiwa imelala.

Fundi viatu anaweza kushona soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni na ikamaliza msimu. Meno hayashoneki. Ukiona jino moja limebaki nusu ya mwenzake, kiatu hicho kimeshatundikwa hata kama ngozi yake bado inang'aa.

Kwa anayecheza mchangani kila wiki, TF ya kawaida ni salama kuliko FG ya jina kubwa. Haina mvuto kwenye picha, lakini goti halipigi picha.

HATA WENYE MAGURUDUMU WANAJUA

Soka sio mchezo pekee wenye hesabu hizi. Kuna magongo yanayochezwa kwa viatu vyenye magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja. Namibia ni kati ya nchi za Afrika zinazoucheza mchezo huo, na imeshashiriki mashindano yake ya dunia.

Wachezaji wake hawaulizani nani ana kiatu cha bei. Wanaulizana sakafu ni ya nini. Kuna sakafu za vigae vya plastiki, za mbao, za zege na za lami, na kila moja inataka gurudumu lake.

Ugumu wa gurudumu unaandikwa kwa namba. Kwenye vigae laini vya ndani wengi wanavaa laini, kama 74 au 76, ili lishike wanapokata kona. Kwenye zege na lami wanapanda hadi 80 na kuendelea. Ukipeleka gurudumu laini kwenye lami linasagika ndani ya muda mfupi, na ukipeleka gumu kwenye vigae utateleza kona ya kwanza.

Mchezaji mzito anavaa gumu zaidi ya mwepesi hata kama wako timu moja, sakafu moja. Somo lake kwa soka ni kwamba kiatu anachovaa mwenzako sio lazima kikufae wewe.

KIPIMO CHA FIFA

FIFA yenyewe haiangalii nyasi bandia kwa macho tu. Ili uwanja upate alama yake ya ubora, inaletwa diski yenye meno sita ya daluga, inabebeshwa uzito wa kilo 46, kisha inazungushwa kupima nguvu inayohitajika ili igeuke.

Kwa alama ya juu, FIFA Quality Pro, vigezo vilivyotolewa 2015 vilitaka nguvu hiyo iwe kati ya 30 na 45 kwa kipimo cha nyutoni-mita. Ikipungua hapo, uwanja unateleza. Ikizidi, uwanja unakamata magoti. Vyote viwili ni kufeli.

Mpira nao unaangushwa kutoka urefu wa mita mbili, na unatakiwa udunde kati ya sentimita 60 na 85. Unaachiwa pia ushuke kwenye kipande chenye mteremko, na ukishafika chini unatakiwa uviringike kati ya mita nne na nane tu.

Uwanja ukiachwa bila matunzo, nyuzi zinalala, chembe za mpira zinahamia pembeni au zinasombwa na mvua, na namba hizo zinabadilika. Ndio uwanja ule ule, jina lile lile, lakini mguu unakutana na kitu kingine kabisa.

SIO KISINGIZIO

Pamoja na hayo yote, uwanja sio kichaka cha kujifichia. Aprili 2019, Simba iliyotoka sare ya 0-0 Dar es Salaam na TP Mazembe ilikwenda Lubumbashi, DR Congo, ikalala 4-1 kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, juu ya nyasi bandia za wenyeji.

Aprili 2023, Yanga ilikwenda kwa Mazembe hao hao, kwenye hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho, ikaondoka na ushindi wa 1-0. Msimu huo Yanga ilifika fainali.

Nyasi bandia ya ugenini haifungi bao. Inachofanya ni kumpa faida aliyeizoea, na kumwadhibu aliyekuja na daluga isiyoijua.

NANI ALIPE

Klabu kubwa hazina shida sana hapa. Mtunza vifaa anasafiri na mabegi, na mchezaji mwenye mkataba na kampuni ya viatu anaweza kuwa na jozi tatu. Shida iko kwa klabu ndogo, kwa timu za wanawake na kwa timu za vijana, ambako daluga ni mzigo wa mchezaji mwenyewe.

Jozi ya pili inaonekana ni anasa mpaka mtu aumie. Ukiweka gharama ya picha za goti, upasuaji na mazoezi ya kurudi uwanjani, halafu ukaongeza mshahara wa mchezaji ambaye hachezi, jozi moja ya AG inaonekana ni kitu kidogo sana.

Sio lazima klabu inunue za bei mbaya. Inatosha kuwa na utaratibu. Kabla ya safari mtunza vifaa aulize uwanja una nyasi gani na hali ya hewa ikoje. Siku moja kabla, wachezaji wafanye mazoezi na daluga watakazovaa kwenye mechi. Kila mwezi soli zikaguliwe kama zinavyokaguliwa tairi za basi la timu.

Kwa mchezaji mwenye jozi moja tu, anayecheza bandia leo na asili kesho, yapo matoleo yaliyoandikwa FG na AG kwa pamoja. Sio bora kwenye kila uwanja, lakini ni salama kuliko meno marefu bapa kwenye bandia.

AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na macho mengi yako kwenye majukwaa, taa na viti vya viwanja. Ni sawa. Lakini wanaotarajiwa kuvaa jezi za timu za taifa siku hiyo, leo wako Kaitaba, Sokoine, Chamazi na mchangani, kila mmoja akiwa na daluga alizozipata. Magoti yao yakifika 2027 yakiwa mazima, soli zitakuwa zimefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.